Mauzo ya Kaskazini Yamefura

Ngano yangu niimwage, nisiimwage?
— Imwage, tumekinga masikio!

Bwana Kiboko alikuwa na kampuni ya kuuza magadi. Wanyama walilamba, wakalipa nafaka. Nyingine aliweka ghalani, nyingine tumboni, gubu gubu gubu! Hakushiba. Siku moja akapanda jiwe katikati ya mto, akanguruma:

"Mauzo ya Kaskazini yamepanda mara kumi! Leteni akiba zenu, tukue pamoja!"

Swala akapeleka. Ngiri akapeleka. Panya Buku akabaki mlangoni pa shimo lake, akizitazama karanga zake za kiangazi. Zikipotea, wanawe watalala njaa. Aliogopa, tena alitamani. Nani hapendi kukua?

"Na Kusini je, Bwana Kiboko?"

"Kusini kunapumzika, mama. Wewe tazama Kaskazini!"

Panya Buku akaenda Kusini, tiki tiki tiki. Kimya. Vumbi tu, na alama za kwato za nyumbu zikielekea Kaskazini. Akaketi, akawaza. Kumbe wanunuzi ni walewale, wamefuata mvua! Lakini akisema, ataambiwa ana wivu. Na akiba za wenzake zimeshaingia ghalani.

Akarudi na karanga zake. Akaziweka mbele ya Kiboko.

"Natia zote, Bwana. Ila mauzo yakikua upande wowote, ongezeko tugawane nusu kwa nusu."

"Mama mdogo na mambo yako madogo!" Kiboko akacheka, akakubali mbele ya wote.

Mvua ikahama. Nyumbu wakarudi Kusini, gidi gidi gidi! Kiboko huyo juu ya jiwe:

"Kusini hakukuuzwa kitu, sasa kumefura! Leteni tena!"

Swala na Ngiri wakaja na vikapu.

"Hongera, Bwana," akasema Panya Buku. "Kama hakukuuzwa kitu, basi yote haya ni ongezeko. Naomba nusu yangu."

"Nusu ya yote? Thubutu! Hawa si nyumbu walewale wa Kaskazini?"

Swala akamtazama Ngiri. Wakajitwika tena vikapu vyao.

"Chagua, Bwana," Panya Buku akasema polepole. "Kama mauzo yamekua, nilipe. Kama hayakukua, turudishie wote."

Kiboko akautazama umati, akautazama mto. Akafungua ghala, akarudisha akiba za wote.

Ngano yangu imekaa chini hapo. Mwenye nguvu aiinue. Na funzo lake? Mkiambiwa upande mmoja umekua, pigeni makofi, msiulize wa pili. Ni kukosa adabu kumharibia mkubwa hotuba yake.