Mwatime na Wali wa Nazi

Mwatime alikuwa na shoto tangu kuzaliwa, na shangazi yake, Bi Zamzam, alimpiga vidole kwa mwiko kila alipojisahau. Siku ya shughuli, wageni wakiwa wameshalizunguka sinia la wali wa nazi, Bi Zamzam akamwambia mbele ya wote:

"Kilichoguswa na mkono wa kushoto kinatia kinyaa. Sisi hatukili."

"Kikishaguswa kinakuwa cha nani, shangazi?"

"Chako wewe. Ukale uani na kuku."

"Hata kikiwa kingi?"

"Hata kikiwa sinia zima."

Mwatime akaitikia kwa adabu. "Wali umenukia. Nazi alikuna nani?"

"Mimi mwenyewe," Bi Zamzam akajinyoosha. "Nazi sita, mbuzi ya kukunia ni yangu na jasho ni langu."

"Na kizio cha nazi ulikishika kwa mkono gani?"

Bi Zamzam akaitazama mikono yake yote miwili. Wageni wote walikuwa wapishi, na hakuna aliyewahi kukuna nazi kwa mkono mmoja.

Sinia likaenda uani. Wageni wakalifuata, na wa mwisho alikuwa Bi Zamzam.

"Karibu, shangazi," Mwatime akasema, akimsogezea mkeka. "Huku kila mtu anakula kwa mkono wake."