Diwani Pimbi na Mikuyu ya Ukoo wa Kiboko

— Nina ngano hapa, niitue?
— Itue tuione.
— Ina miguu minane.
— Ya nani na nani?
— Minne ya Pimbi, minne ya Kiboko.
— Basi itembeze.

Hapo zamani, kwenye Bonde la Kijuri, aliishi Pimbi mmoja jina lake Sikujua. Pimbi ni mnyama mdogo wa majabalini. Ukimwona kwa mbali utadhani ni panya aliyenona. Hana pembe, hana makucha ya maana, na mkia hana. Sikujua alikuwa na mdomo tu, na jambo moja ambalo hakulisahau.

Alipokuwa mtoto, kwao kulikuwa na chemchemi. Maji yalitoka chururu, chururu, mwaka mzima. Akaja Kiboko mmoja mkubwa, akaagiza miti yote ya pale juu ikatwe ili apande miwa. Miti ikakatwa, ko, ko, ko. Mwaka wa kwanza maji yakatoka churu. Mwaka wa pili yakatoka chu. Mwaka wa tatu hayakutoka. Mama yake Sikujua akawachukua watoto wake wawili, wakaenda kutafuta maji kwingine. Walitembea siku nne. Aliyefika na mama ni Sikujua peke yake. Mdogo wake walimfukia njiani chini ya mawe, wakaendelea na safari.

Walifika Bonde la Kijuri. Huko nako kulikuwa na chemchemi, na juu yake mikuyu arobaini.

Sikujua alipokua akagombea udiwani. Alikuwa na ahadi moja: mikuyu isikatwe. Mara ya kwanza akaomba kura, wanyama wakacheka. Mara ya pili akaomba kura, wakacheka kidogo. Mara ya tatu kulikuwa na kiangazi kirefu, hawakucheka. Akapata.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Kiboko, jina lake Shindo, mtoto wa yule aliyepanda miwa. Siku moja akaingia barazani, pwata, pwata, pwata, akasema:

“Mikuyu arobaini inaondoka. Nitapanda miwa. Nani anapinga?”

“Mimi napinga,” akasema Pimbi.

Kiboko akamkalia. Puu. Wakamchomoa chini yake amekuwa bapa kama chapati.

Kikao cha pili, Kiboko akauliza, “Nani anapinga?”

“Mimi napinga,” akasema Pimbi. Kiboko akamkalia. Puu.

Kikao cha tatu, Pimbi akapinga, na Digidigi akamuunga mkono. Siku hiyo Kiboko alimkalia Digidigi. Mguu ukavunjika. Digidigi akawa anachechemea, na hoja za Pimbi zikakosa wa kuziunga mkono. Kiboko akatangaza kwamba mikuyu itakatwa mvua zikiisha.

Pimbi akaenda kumtazama Digidigi nyumbani kwake. Akamkuta amelala, mguu umefungwa kwa magome.

“Dada Sikujua,” akasema Digidigi, “mimi sikulaumu. Lakini usiniombe tena.”

“Sikuombi tena,” akasema Pimbi. Akarudi kwenye jabali lake, akakaa siku tatu akiitazama mikuyu.

Siku ya nne akamfuata Kiboko mtoni.

“Shikamoo, Mheshimiwa Mwenyekiti.”

“Marahaba. Umekuja kupinga?”

“Nimechoka kukaliwa, Mheshimiwa. Nimekuja kuuliza habari za marehemu baba yako. Alikuwa mkubwa sana.”

“Alikuwa mkubwa kunishinda mimi,” akasema Kiboko.

“Na leo anakumbukwa wapi?”

Kiboko akafikiri. Alikuwa hajapata kuulizwa jambo kama hilo. “Hakumbukwi popote,” akasema.

“Ndiyo maana nimekuja. Tuupe kila mkuyu jina la mtu wa ukoo wako. Wanyama wote wakija kunywa maji watasema, huyu ni babu yake Mwenyekiti, huyu ni shangazi yake Mwenyekiti.”

Kiboko akakoroma, mhu, mhu, mhu. Kwake hicho kilikuwa kicheko. “Na nikitaka kupanda miwa yangu?”

“Mheshimiwa, nani katika bonde hili anaweza kukuuliza neno?”

“Hakuna,” akasema Kiboko.

Sherehe ikafanyika. Viboko wote wakatoka mtoni, pwata, pwata, pwata. Kiboko akataja majina asubuhi hadi jioni. Huu ni Babu Ngurumo. Huu ni Bibi Pwaza. Huu ni Mjomba Tumbo. Alipofika mti wa thelathini na tisa jamaa wakamwishia, kwa hiyo mkuyu wa arobaini, ule uliosimama mdomoni mwa chemchemi, akaupa jina lake mwenyewe. Mama yake, Bi Mashavu, alikwenda kulala kivulini mwa mti wa Bibi Pwaza, akalia kidogo, kwa kuwa Bibi Pwaza ndiye aliyemzaa.

“Sasa sheria,” akasema Pimbi. “Atakayeutia shoka mti wa ukoo afanywe nini?”

Kiboko akatafuta adhabu mbaya kuliko zote. Akakumbuka kitu anachokiogopa yeye. “Asimame juani siku tatu, bila maji, bila tope.”

“Niseme ‘mnyama mdogo yeyote,’ au niseme ‘yeyote’ tu?”

“Sema ‘yeyote.’ Wasije wakadhani nina upendeleo.”

Kobe, karani wa baraza, akaandika. Kiboko akakanyaga karatasi kwa tope, ikawa muhuri.

Mvua zikaisha. Kiboko akamwita Nyani aje na shoka.

“Nianze na huu?” akauliza Nyani.

“Huyo ni Babu Ngurumo,” akasema Pimbi, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe.

Nyani akasogea. “Huu?”

“Huyo ni Mjomba Tumbo.”

Nyani akasogea tena. “Huu je?”

“Huyo ni mama yangu,” akasema Bi Mashavu, akiinuka taratibu kutoka kivulini. “Mguse nikuone.”

Nyani akaliweka shoka chini. “Mzee Shindo, mimi juani siku tatu siwezi. Nitafute kazi nyingine.”

Kiboko akakasirika. Akalibeba shoka kwa meno, akaenda hadi mkuyu wa arobaini. “Huu ni mimi mwenyewe,” akasema, “na mimi najikata.” Akapiga. Ko. Gome likaruka.

Kobe akafungua karatasi, akasoma kwa mwendo wake: “A-ta-ka-ye-u-tia shoka… ye-yo-te.”

Kiboko akamtazama mama yake.

“Muhuri ni wa mguu wako, mwanangu,” akasema Bi Mashavu. “Nenda kasimame.”

Shangazi zake wawili wakamsindikiza hadi uwanjani. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa tano ngozi ikawa nyekundu. Saa saba ikaanza kupasuka. Saa nane Kiboko akamwita Pimbi.

“Diwani, niombee.”

“Nikuombee kwa lipi, Mheshimiwa?”

“Mikuyu siigusi. Wala mtu mwingine hataigusa nikiwa hai.”

“Hayo nitamfikishia mama yako.”

Akayafikisha. Bi Mashavu akamsamehe, na Kiboko akatumbukia mtoni, chubwi.

Tangu hapo Kiboko akailinda mikuyu kwa ukali. Akakaa chini yake, akahutubia wageni. Akaitwa Baba wa Misitu. Uchaguzi ulipofika, Nguchiro aligombea dhidi ya Pimbi, akaahidi kumjengea Kiboko sanamu. Nguchiro akashinda. Jina la Sikujua halikuwekwa hata kwenye kichaka.

Siku chache baadaye Digidigi alimwona akipanda kilima cha pili, kwa Nyati. Nyati alikuwa na msitu wa mianzi, na alikuwa amenunua shoka jipya.

“Shikamoo, Mzee Nyati,” akasema Pimbi, akihema kwa ule mlima. “Samahani kwa usumbufu. Bibi yako mzaa mama alikuwa anaitwa nani?”

— Ngano imefika kwake. Inatufunza nini?
— Kwamba Kiboko ni mpenzi mkubwa wa mazingira, na wanyama wadogo wasijiingize kwenye siasa.
— Mmesikia?
— Tumesikia.
— Basi nawisheni, tule.