Bakshishi Aliyoidai Simba

Tajiri Rweyongeza alipopanda gari la utalii, alimwonya dereva wake, Sijaona: "Bakshishi usahau. Labda simba anidai mwenyewe!"

"Hewala, mheshimiwa."

Mbugani, adhuhuri ikikaribia, Sijaona aliegesha gari pasipo na mti hata mmoja, akazima injini. Simba akaja, akajilaza kwenye kivuli cha gari, chini ya dirisha la tajiri.

"Washa, twende!"

"Nitamkanyaga mkia, mheshimiwa. Na haondoki mpaka aone dereva amepewa chake."

Tajiri akatoa noti moja. Simba akapiga miayo.

"Anasema ni ndogo."

Tajiri akakabidhi pochi nzima.

Jua likafika utosini, kivuli kikaisha, na simba akainuka kwenda kutafuta kingine.

"Ameridhika," akasema Sijaona.

Tajiri akampungia simba mkono. "Asante sana, mzee!"