Kwa Nini Jiko Lenye Moto Halivuki Kizingiti

Sogeeni, wanangu, kila mmoja apate joto la mwenzake, kwa maana habari hii ni ya baridi.

Kulikuwa na wakati ambapo watu wa milima ya Livuje waliota moto wa kuni katikati ya nyumba. Moshi ulijaa, ukawachoma macho, ukawakohoza, nao wakaulaani kila siku. Lakini moshi ule ulikuwa mkali na mwaminifu. Ulipozidi ulimlazimisha mtu kuinuka na kufungua mlango, hata kama hakutaka. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa anatunzwa.

Kisha Sekela, mwanamke mfinyanzi, akatengeneza jiko la udongo. Lilikuwa na tumbo pana la kubeba mkaa, na chini yake kinywa kidogo cha kuvuta hewa. Mkaa ukishika vizuri, jiko lile halikutoa moshi hata kidogo. Liliwaka kimya, jekundu, na joto lake lilidumu tangu uji wa asubuhi hadi viazi vya jioni. Watu walipanda na kushuka vilima kwenda kwake kulichukua, na haukupita muda kila nyumba ikawa na jiko la Sekela. Wakati huo liliwekwa uani, na watu wakalizunguka.

Katika milima ile huishi Sakitu. Ninyi mnamjua kwa kazi yake, ule umande unaoganda usiku na kuyafanya majani yawe meupe asubuhi. Wazee walisema Sakitu ana ulimi mrefu na hana miguu, na kwamba hutambaa kutoka mabondeni akilamba kila anachokikuta. Akilamba viazi, majani yake huwa meusi kama yaliyoungua. Akilamba ndama aliyezaliwa jana, ndama haamki. Kwa kawaida alikuja siku chache tu katika mwezi wa baridi, kisha akarudi zake. Mwaka ninaousimulia alikuja, akakaa.

Siku ya kumi maji yaliganda ndani ya mitungi. Siku ya kumi na tano majiko yakaanza kupasuka.

Mwanamke aliliosha jiko lake kwa maji, akaliacha uani likiwa na unyevu. Usiku maji yaliyonywewa na udongo yakaganda, yakavimba humo ndani. Asubuhi akatia makaa ya moto, na jiko likalia mara moja, likagawanyika vipande viwili. Ikawa hivyo nyumba baada ya nyumba. Watu wakamwendea Sekela wakitetemeka, vipande mikononi.

Sekela akawafundisha kwa upole. Jiko jipya, aliwaambia, likauke kivulini siku nyingi, na moto wake wa kwanza uwe mdogo, wa vijiti tu. Msilioshe kwa maji, lifuteni kwa jivu kavu. Likiwa la moto lisimwagiwe maji, na likiwa la baridi lisijazwe makaa kwa pupa. Na kubwa kuliko yote, jiko lisilale nje. Liwekeni ndani, mahali pakavu, ambapo Sakitu hafiki.

Yalikuwa maneno mazuri, wanangu, na yote yalikuwa kweli. Lakini watu waliokuwa wanaganda waliposikia kwamba jiko liwekwe ndani, hawakungoja lipoe kwanza. Waliliingiza na moto wake. Na kwa kuwa halikuwa na moshi, hapakuwa na haja ya kufungua mlango. Wakachukua samadi na nyasi, wakaziba kila ufa katika milango yao ya mianzi, ili ulimi wa Sakitu usipate pa kupenya. Walikaa ndani wakiona joto, wakamsifu Sekela.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee Tweve na mkewe. Majirani hawakuwaona siku nzima, wakaenda kuwagongea. Walipobomoa mlango waliwakuta wote wawili wamelala wameelekeana, hawana jeraha, mashavu yao mekundu kama ya watu waliotoka kucheka. Walikuwa wamekufa.

"Sakitu ameingia," watu wakanong'ona. "Kuna ufa waliusahau."

Basi kila mtu akarudi nyumbani kwake, akaziba zaidi.

Nyumba ya pili ilikuwa ya ndugu watatu waliokuwa warina asali, vijana wenye nguvu, wapenda mzaha. Juzi yake tu walikuwa wamemtania Sekela kwamba majiko yake yatawafanya wasahau kuoa. Nao walikutwa vivyo hivyo, na kuku wao pia, chini ya tenga, kichwa chini ya bawa. Sasa hofu ikawa kubwa, hata watu wakaacha kuitana. Livuje nzima ilikaa nyuma ya milango iliyokandikwa, na kila aliyesikia upepo alishika mkono wa mwenzake.

Sekela aliingia katika nyumba ya wale ndugu ili kuwaosha. Alipokuwa anatafuta maji, akainua kibuyu kilichokuwa karibu na kichwa cha mkubwa wao. Maji yakacheza ndani. Akasimama. Akatia kidole, maji hayakuwa na hata ngozi ya barafu. Kama Sakitu alipita hapa na kuwalamba watu watatu na kuku, mbona hakulamba maji?

Akaligeukia jiko. Lilikuwa jiko lake mwenyewe, alilitambua kwa alama ya kidole gumba aliyoiacha pembeni. Humo ndani mkaa ulikuwa umebaki nusu, mweusi, mzima, umezimika kabla ya kwisha. Moto nao ulikuwa umekufa pamoja na wenyeji wake.

Hapo Sekela akaelewa. Aliyewaua watu hawa hakutoka bondeni. Alizaliwa humu humu ndani, katika tumbo la jiko. Mkaa, alitambua, huzaa mapacha. Mmoja ni Joto, na huyu tunamjua na kumpenda. Wa pili hana rangi, hana harufu, hana mwendo wa kusikika. Tumwite Kimya. Kwenye uwazi Kimya huondoka na upepo, hamdhuru mtu. Lakini akizibiwa njia ya kutokea, hujilaza juu ya vifua vya watu na kuwanywa pumzi, na akimaliza huunywa hata moto uliomzaa.

Kisha Sekela akakumbuka jambo lililomfanya aangushe kibuyu. Binti yake Lugano alikuwa amejifungua siku tatu zilizopita. Kwa desturi ya Livuje mzazi hukaa ndani siku saba pamoja na kichanga, na mama mkwe ndiye hufunga mlango.

Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulikuwa mzito hata jua halikuonekana lilipo. Sekela alikimbia kuvuka kilima, na majani yaliyoganda yalivunjika chini ya nyayo zake kwa sauti kama ya mtu anayetafuna bisi. Njiani hakukutana na mtu yeyote. Nyumba zilimtazama kwa milango iliyokandikwa, na kila alipopita moja alijiuliza kama kuna aliye hai ndani.

Mama mkwe wa Lugano aliitwa Bi Kissa. Alimkuta amekaa kwenye kibanda chake cha kupikia, anachambua ulezi, ameridhika.

"Karibu, mkwe wangu," alisema. "Ila mlango wa mzazi haufunguliwi, unajua. Nimeuziba kwa mikono yangu. Hata sisimizi akitaka kuingia itabidi arudi kwao."

"Wana jiko humo ndani?"

"Wakose jiko na wewe ndiye bibi yake mtoto? Majirani wangenicheka. Nimewapa lile kubwa."

"Mtoto analia?"

"Hajalia tangu asubuhi," Bi Kissa akasema kwa fahari. "Ametulia tuli. Mtoto mwenye adabu, amefuata upande wetu."

Sekela alimpita. Alikwenda mlangoni, akapiga kwa viganja. "Lugano. Lugano, mwanangu, niitikie."

Akaita tena. Halafu sauti ikaja, nzito, ya mtu aliye mbali. "Mama. Kichwa kinaniuma. Niache nilale kidogo."

"Usilale. Inuka ufungue."

Hakuna aliyejibu tena.

Sekela akachukua mchi uliokuwa umeegemezwa kwenye kinu, akaupiga mlango. Samadi iliyoganda ilikuwa ngumu kama mwamba. Bi Kissa akamrukia, akamshika nguo.

"Una wazimu, Mama Lugano? Unamwingiza Sakitu kwa mjukuu wangu? Akifa, damu yake iko juu yako."

"Iko juu yangu tayari," Sekela akasema, na akapiga tena.

Pigo la tano mianzi ikavunjika. Ndani palikuwa na joto zuri, na giza, na jiko likitoa wekundu hafifu unaoelekea kuzimika. Sekela aliziba pumzi, akamshika Lugano kwapani, akamburuta hadi nje juu ya majani meupe. Kichwa cha Lugano kiliyumba kama cha mtu aliyelewa ulanzi, na mashavu yake yalikuwa mekundu.

Bi Kissa aliyaona mashavu hayo. Alikuwa amemwosha mke wa mzee Tweve, akayatambua. Alipita kwenye mianzi iliyovunjika, akaingia mwenyewe, akatoka akipepesuka na kichanga mikononi. Akapiga magoti.

Mtoto hakulia. Alikuwa laini, ana joto, na hakulia. Bi Kissa alimpulizia usoni, akamsugua nyayo, akamgeuza, akamsugua mgongo. Wanawake wawili walikaa chini kwenye baridi ile waliyoiogopa kuliko kitu chochote duniani, nayo ikapita juu yao, ikaingia puani mwa Lugano na puani mwa mtoto. Siku zote walikuwa wameizuia. Sasa Sekela aliiomba iingie.

Walingoja. Sitawaambia ni muda gani, kwa sababu Sekela mwenyewe hakuweza kusema. Mtoto akapiga chafya. Akavuta hewa hadi mbavu zikaonekana, akalia kilio kidogo, kikavu, chenye hasira. Kando yake Lugano akajigeuza, akatapika, akafumbua macho.

Bi Kissa alivua shuka lake, akawafunika wote wawili. "Kumbe alikuwa hana adabu," alisema, machozi yakimtiririka. "Lia, mjukuu wangu. Tukana ukitaka."

Sekela aliingia ndani kwa mara ya mwisho. Alilibeba jiko kwa mikono mitupu, ngozi ya viganja ikaungua, akalipiga kizingitini kwa nguvu zake zote. Likasambaratika. Makaa yakaruka kwenye barafu yakilia, na vigae vikajikita katika udongo wa kizingiti.

"Lilikuwa jiko zuri," Bi Kissa alisema taratibu.

"Zuri mno," Sekela akajibu. "Lingekuwa baya wasingeliamini."

Siku hiyo hiyo wote wawili walizunguka Livuje, mmoja na mchi, mwingine na mtoto mgongoni anayelia kwa sauti, ili watu wasikie kwamba yu hai. Walivunja milango. Katika nyumba mbili walifika kwa wakati. Katika nyumba moja walichelewa.

Watu waliotolewa walikusanyika uani kwa Bi Kissa wakitetemeka, wakamwuliza Sekela, "Tukikaa na jiko tunakufa. Tukikaa bila jiko Sakitu atatumaliza. Utuambie basi tufe kwa lipi."  Alikaa akiyatazama mafiga matatu ya hapo uani, yaliyokuwa bado na joto ingawa moto wake ulizimwa asubuhi. Akaligusa jiwe moja kwa kiganja chake kilichoungua, akaelewa kwamba jiwe huchukua Joto na kumwacha pacha wake nje.

Na tangu siku hiyo nyumba za Livuje zina upenu mrefu mbele, mrefu kuliko wa mahali pengine popote, na chini ya upenu huo ndipo jiko linapowashwa, kinywa chake kikitazama bondeni. Mawe hupashwa moto juu yake, yakafungwa kwa ngozi, yakaingizwa kitandani. Jiko likishapoa kabisa, kiasi cha mtoto kuweza kulikumbatia, hufutwa kwa jivu na kuingizwa ndani likalale pakavu. Lenye moto halivuki. Na ili asisahau mtu hata mwenye usingizi, kila anayejenga huvunja jiko moja na kupanga vigae vyake katika udongo mbichi wa kizingiti, ncha zikitokeza kidogo, ili unyayo uvihisi na kusimama.

Tena, wanangu, asubuhi za baridi mtasikia watu wa Livuje wakiitana kwa majina nyumba hadi nyumba. Wageni hudhani ni salamu tu. Anayeitwa huitikia, hata kama amenuna, hata kama mdomo umejaa uji. Asipoitikia mara ya pili, jirani huuvunja mlango, na hakuna atakayemwuliza kwa nini.