Kisima cha Mikono ya Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Mchangamle, alitawala Sultani Mwidani, mrefu wa mwili, mpana wa tumbo na mzito wa kutoa. Mtaa wa Gongoni haukuwa na maji ila ya chumvi, na watoto waliyanywa wakaugua. Basi watu walipolia sana, Sultani akatoa fedha za kuchimba kisima, nazo fedha zikaanza safari. Mpiga ramli akalipwa kwa kuonyesha mahali penye maji, mahali ambapo kila mbuzi alipajua kwa ubichi wa majani yake. Waziri akalipwa kwa kumsimamia mpiga ramli. Wapiga ngoma wakalipwa kwa sherehe ya kufungua kisima ambacho hata jembe halijakigusa. Ilipofika zamu ya mchimbaji, mfuko ulikuwa mwepesi, ungeweza kuvaliwa kama kofia.

Mchimbaji aliitwa Mshangama, fukara wa kutupwa, na watu walimdhania punguani kwa kuwa kila aliloambiwa alilitii kama lilivyosemwa. Mjukuu wake, Mwanaidi, alikuwa kitandani siku ya tisa kwa maji yale yale ya Gongoni.

Ada ya wachimba visima ni kulipwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na kipimo hutiwa katika kamba. Sultani akaitazama mikono yake mirefu, akatabasamu.

"Mshangama, nitakulipa kwa pima. Lakini sitaki kamba yako wala mikono ya mtu mwingine. Kila pima itapimwa kwa mikono yangu mimi, ndipo ilipwe. Na wavuta kapu la udongo wawili wanatosha. Wanne ni anasa. Ukiacha kazi kabla ya maji, utafungwa."

"Nimesikia, Bwana wangu, na nimetii."

Waziri akacheka chini kwa chini, kwani alijua pima tatu za Sultani ni sawa na nne za watu.

Siku ya pili Mshangama akaja barazani, udongo mpaka kwenye nyusi, akamkuta Sultani anakula mkate wa kumimina. "Bwana wangu, pima ya kwanza iko tayari, yangoja mikono." Sultani akaona ni mchezo, akaenda, akapima, akasifiwa sana. Kesho yake akaitwa tena, na kesho kutwa. Siku ya sita alitolewa katika usingizi wa adhuhuri.

"Pima kwa kamba, ewe mpumbavu!"

"Bwana wangu, kamba umeikataa mbele ya watu. Na mpiga mbiu hutangaza kila Ijumaa kwamba neno la Sultani halirudi. Nikilirudisha mimi, si nitakuwa nimekutia uongoni?"

Sultani akaguna, akaenda kupima. Ikawa kila siku anashuka kwa ngazi, akihema, mpaka ngazi zikaisha urefu. Pima ya kumi ilipotimia, ikabidi atiwe katika kapu la udongo ateremshwe. Huko chini Mshangama alikuwa amegonga mwamba, na vumbi la jiwe halikuwa na pa kutokea. Sultani akanyoosha mkono mmoja juu na mmoja chini, akapima, akakohoa, akapiga kelele, "Nivuteni!"

Kapu likapanda shibiri mbili, likasimama.

"Kuna nini huko?"

Mshangama akainama kwenye mdomo wa kisima. "Bwana wangu, wavuta kapu wawili wanatosha kwa udongo. Sultani amewazidi kidogo."

"Waite wengine!"

"Watalipwa na nani?"

"Na mimi!"

"Kwa fedha ipi, Bwana wangu? Fedha ya kisima anayo mpiga ramli, wanayo wapiga ngoma, na iliyobaki anayo Waziri, huyu hapa kando yangu."

Sultani akatazama juu, akaiona mbingu ndogo kama sahani, na kamba ikilia juu ya gogo lililolazwa mdomoni mwa kisima. Akaogopa, wala hakuona haya kuogopa. "Waziri!" akanguruma. "Irudishe yote, ama shuka huku tuigawane!"

Mwangwi haujatulia, Waziri ameshaanza kufungua mkoba. Wakaitwa wavutaji wawili zaidi, Sultani akatolewa, mweupe kwa vumbi kuanzia kilemba hadi viatu. Watu wakauma midomo wasicheke. Akawatazama, akajitazama, akacheka mwenyewe hata akakaa chini.

"Mshangama, tangu leo pima kwa kamba yako, na ulipwe kama ilivyo ada."

"Na lile neno lisilorudi, Bwana wangu?"

"Limekwama kwenye mwamba. Ukilikuta, lipasue pamoja nao."

Wakaupasua, na katika pima ya kumi na tisa maji yakabubujika, baridi na matamu. Kwa ada, kata ya kwanza ya maji hupewa mwenye kisima. Sultani akasogea, akanyoosha mkono. Mshangama akaijaza kata, akampita Sultani bila hata kumwamkia, akashika njia ya nyumbani kwa Mwanaidi, akitembea taratibu asimwage tone.

Waziri akafoka, "Mkamateni huyo!" Sultani akamnyamazisha. Kisha akakunja kanzu yake, akaenda kusimama nyuma ya akina mama wa Gongoni, angoje zamu yake. Hekaya yangu imefika maji hapo. Sina haja ya kuchimba zaidi.