Leseni Moja ya Somanami

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Nina jambo limenikalia kichwani siku nyingi, nikiligeuza huku na huku bila kupata jibu. Leo nalileta kwenu.

Palikuwa na wanachuo watatu wa ualimu huko Tabora, wote wasioona: Nyamizi, Mihayo na Hamdani. Nyamizi alikuwa na sikio. Sauti aliyoisikia mara moja angeitambua hata baada ya miaka mitano. Mihayo alikuwa na subira. Ukurasa ambao wenzake waliupitia kwa dakika, yeye aliusoma herufi kwa herufi, na hakuna nukta iliyompita. Hamdani alikuwa na mkono mwepesi. Alitenda kwanza, akafikiri baadaye, na mara nyingi wenzake walimsamehe.

Walimiliki kompyuta mpakato moja kwa pamoja. Humo ndimo yalimokuwa masomo yao ya miaka mitatu, pamoja na tafiti zao za mwisho. Waliitumia kwa msaada wa programu iitwayo Somanami, ambayo hutamka kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo. Wiki sita kabla ya mtihani, muda wa leseni ya programu hiyo ukaisha, ikanyamaza. Bila sauti ile, kompyuta ilikuwa sanduku tu.

Hamdani akatafuta kwenye simu yake, ambayo nayo humsomea, akapata duka la mtandaoni linaloiuza Somanami kwa bei ya chini sana.

"Ni punguzo la wanafunzi," akasema. Wakachangishana, akanunua. Programu ikaja na cheti pamoja na barua ya shukrani. Mwenzao anayeona akawasaidia kuiweka. Kompyuta ilipoanza kusema, wakakumbatiana.

Lakini siku hiyohiyo Nyamizi alihisi kitu. Somanami aliyoizoea tangu sekondari, ikifunguliwa, hujitaja jina lake kwanza. Hii ilianza kusoma bila kujitaja. Tena kila alipobonyeza herufi, sauti ilichelewa kidogo, kama mtu anayemnong'oneza mwingine kabla ya kukujibu. Akajitilia shaka, akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Jamani, hii siyo yenyewe."

Mihayo akacheka. "Dada, kompyuta imezeeka. Hata wewe ukizeeka utachelewa kuitika."

Wakaipeleka kwa Mwalimu Bulugu, mkufunzi wao wa kompyuta, ambaye anaona vizuri. Akaikagua. "Ni halisi, wanangu. Nembo ndiyo, cheti ndicho, anwani ya duka ni ya Somanami wenyewe."

Hapo ndipo walipochanganyikiwa. Waamini sikio la Nyamizi au macho ya mwalimu? Hamdani alikuwa akisema, "Inasoma, bwana! Ingekuwa feki ingesoma?" Nyamizi mwenyewe akaanza kudhani masikio yanamdanganya.

Mihayo, pamoja na kucheka kwake, hakutulia. Jumamosi baada ya chakula cha mchana alitaka kuichunguza ile anwani. Akasita: ataiulizaje programu anayoitilia shaka itoe ushahidi juu yake yenyewe? Akaomba simu ya Hamdani, akaifungua barua ya duka humo, akaiamuru simu isome anwani herufi kwa herufi.

"S," simu ikasema. "Sifuri. M. A. N."

Akarudia mara tatu. Sifuri, sifuri, sifuri. Wakamwita Mwalimu Bulugu.

"Mwalimu, hiyo ya pili ni herufi o au ni sifuri?"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kusema kweli, Mihayo, kwangu mimi ni duara tu."

Wakaanza kubishana. Mmoja akasema huenda ni kosa la kuandika, mwingine akasema simu ndiyo mbovu. Wakati huo kiganja cha Hamdani kilikuwa juu ya kompyuta. Ilikuwa imechemka, na feni yake inakimbia, ingawa hakuna aliyekuwa akiifanyia kazi yoyote. Hakuuliza mtu. Akachomoa modemu ya intaneti, akaipindua kompyuta, akang'oa betri.

"Hamdani!" Mihayo akapiga kelele. "Utafiti wangu ulikuwa wazi! Umeniua!"

Hamdani alibaki na betri mkononi, mwenyewe hajui kama amewaokoa au amewamaliza.

Walikaa siku nne hawajui kama bado wana kitu. Kompyuta waliipeleka kwa fundi wa mjini. Siku ya tano fundi huyo akawaita. Ndani ya programu ile, akawaambia, ilikuwa imefichwa nyingine, iliyonakili kila walichoandika na iliyokuwa imeanza kuzifunga faili zao zisifunguke tena. Ilikuwa imefunga kumi na moja. Zilizobaki zote zilikuwa salama.

"Dakika chache zaidi," fundi akasema, "mngekuta patupu."

Mtihani waliufanya, wakafaulu. Wakawaandikia pia watengenezaji wa kweli wa Somanami, wakaeleza yote, kila mmoja sehemu yake. Majibu yakaja: duka lile la bandia limefungwa, na wasioona wengi wameonywa. Kwa shukrani, wanatoa leseni halisi ya maisha. Lakini ni moja tu. Ina jina moja na kompyuta moja, haiazimwi wala haihamishwi, na fomu ijazwe ndani ya siku saba.

Nao watatu wamepangiwa shule mbalimbali: Nyamizi Urambo, Mihayo Nzega, Hamdani Sikonge, na bei halisi ya Somanami hakuna anayeimudu.

"Aandikwe Nyamizi," Hamdani akasema. "Asingesema, tusingeshtuka."

"Nilisema, hakuna aliyeniamini, hata mimi mwenyewe," Nyamizi akajibu. "Mihayo ndiye aliyeleta ushahidi."

"Ushahidi wangu tulikuwa bado tunaubishania wakati faili zinafungwa," akasema Mihayo. "Aliyeziokoa ni Hamdani."

"Na aliyewanunulia balaa hilo pia ni Hamdani," Hamdani akasema. Hakuna aliyembishia.

Kisha Nyamizi akasema kwa sauti ndogo, "Lakini jamani, nitafundishaje bila hiyo?" Wenzake nao, kila mmoja alikuwa akijiuliza vilevile.

Leo ni siku ya saba. Fomu iko wazi mbele yao, na kisanduku cha jina ni kitupu.

Basi nyinyi mliosikia yote: ni yule aliyeshtuka wa kwanza lakini akakaa kimya siku mbili? Ni yule aliyecheka, kisha akaithibitisha hatari? Au ni yule aliyewaingiza hatarini, kisha akawatoa? Fomu inafungwa jioni hii. Wewe uliyekaa hapo, ungeandika jina la nani?