Nusu ya Kichwa

Aliyesuka ndiye ajuaye pa kufumua. Mmeisikia, wanangu, na sasa mnauliza ilitoka wapi. Ilianza siku Mwanakheri alipoondoka kwao akiwa amesukwa nusu ya kichwa.

Mama yake, Bi Somoe, alikuwa amemaliza upande wa kulia. Alisuka kwa namna yake: mwisho wa kila mstari alificha kitanzi kidogo nyuma ya sikio. Ukikivuta, mstari wote unafumuka. Asiyekijua angetafuta mpaka achoke. Mara maharagwe yakaanza kuungua jikoni, na mtungini hamna maji.

“Kimbia kisimani,” mama alisema. “Usikawie, mkono wangu usije ukapoa.”

“Naja sasa hivi, mama. Usiondoe kigoda.”

Kisimani palikuwa na zimwi. Likamchukua mpaka pangoni kwake, likaziba mlango kwa jiwe. Miezi saba Mwanakheri alikaa humo. Kila asubuhi alipapasa mistari ya kulia, mmoja mmoja, akavisikia vidole vya mama. Upande wa kushoto nywele zilikua ovyo, naye hakuzigusa. Zilikuwa na mwenyewe.

Siku moja zimwi likasema, “Ewe nusu kichwa! Dada yangu anaolewa, na kitoweo cha arusi ni wewe. Mikono yako inajua kazi gani?”

“Kusuka, babu.”

“Basi nisukie tenga la kukubebea. Na ulikaze!”

Mwanakheri akasuka kwa fito na ukindu, na ubavuni akaficha kitanzi. Zimwi likalivuta tenga, likalipiga teke, likaning’inia. “Limeshika! Hata mimi silifumui!”

“Babu, tubebe na mafiga haya matatu, nikawapikie wageni uji kabla hawajanila.”

“Una adabu wewe,” zimwi likasema.

Njiani likatua mzigo mtoni, likainama kunywa. Mwanakheri akavuta kitanzi, ubavu ukafunguka, akatoka, akaurudishia ulivyokuwa. Zimwi lilipojitwika tena likaona mzigo umepungua, likayashukuru maji kwa kulitia nguvu.

Arusini likafunua tenga mbele ya wageni. Mafiga matatu. “Kapenyea wapi? Hata tundu hakuna!”

Dada yake akalipapasa lile tenga, akacheka mpaka hina ikamharibika. “Kaka, wewe umebeba tu. Aliyesuka ndiye ajuaye pa kufumua.”

Maneno hayo yakavuma kutoka mwituni mpaka vijijini.

Mwanakheri alikimbia bila kupumzika mpaka kwao. Kigoda kilikuwa pale pale uani, na chanuo juu yake. Bi Somoe alikuwa amezikwa mwezi uliopita.

“Hakuacha mtu akikalie,” jirani alimwambia. “Alisema una zamu yako.”

Siku chache baadaye mama yake mdogo, Bi Rukia, alimkalisha amtengeneze nywele. Alitafuta mwisho wa mistari ya kulia, nyuma, mbele, asiuone.

“Mwanangu, hivi dada yangu alifungia wapi?”

Mwanakheri alijua kitanzi kilipo. Aliuweka mkono wake juu ya sikio.

“Ziache, mama mdogo. Aliyesuka ndiye ajuaye pa kufumua.”

Sasa Mwanakheri hujisuka mwenyewe upande wa kushoto, kila Alhamisi, akiwa amekaa kwenye kile kigoda. Wa kulia uko vile vile.